Muhula Mzima Bila Neno la Kusema

Wengi wetu tulifika Bagamoyo tukiwa na filamu kichwani. Tulijua kulia papo kwa papo, kugombana kwa sauti ya juu, kudondoka chini puu baada ya kupigiwa simu ya msiba. Ndivyo tulivyowaona waigizaji wakifanya kwenye runinga, na ndivyo tulivyofanya siku ya usaili mbele ya walimu waliokaa nyuma ya meza na karatasi zao. Mwenzetu mmoja alijitia sumu, akakata roho polepole, akainuka kidogo, akakata roho tena, mpaka mwalimu mmoja akamwomba kwa adabu zote: "Sasa kufa basi, mwanangu, wenzako wanasubiri." Alichaguliwa. Na sisi wengine tuliochaguliwa tuliamini ni kwa sababu ya midomo yetu. Kumbe muhula wote wa kwanza hakuna aliyetupa hata sentensi moja ya kusema jukwaani.

Tulichopewa ni kazi ya miguu. Asubuhi, jua likiwa bado halijachoma, tulikimbia ufukweni, tukanyoosha viungo, tukabingirika kwenye mikeka, kisha tukaingia kwenye ngoma hadi karibu na adhuhuri. Wa maigizo, wa muziki, wa sarakasi, wa sanaa za ufundi, wote kundi moja. Wiki za mwanzo manung'uniko yalikuwa mengi, hasa usiku bwenini, watu wakikandana mapaja kwa maji ya moto. Mimi nimekuja kusomea uigizaji, sindimba ya nini? Bugobogobo na jembe lake itanisaidia nini nikiitwa Dar kucheza filamu?

Sehemu ya jibu iko kwenye historia ya mahali penyewe. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilifunguliwa mwaka 1981, na mizizi yake haikuwa kwenye tamthilia za vitabuni. Kilirithi wasanii wa vikundi vya taifa: kikundi cha ngoma kilichoundwa miaka michache baada ya Uhuru, kikundi cha sarakasi ambacho vijana wake wa kwanza walifunzwa China, na kikundi cha maigizo. Watu waliozoea kutumbuiza wageni wa Serikali wakageuka kuwa walimu. Mmoja wao alikuwa Hukwe Zawose, Mgogo wa zeze na ilimba, ambaye Mwalimu Nyerere alimwita kutoka Dodoma miaka ya 1960. Alizunguka dunia na muziki wake na akabaki mkazi wa Bagamoyo mpaka alipofariki mwaka 2003, na ukoo wake bado unapiga na kuimba. Mwaka mmoja baada ya chuo kufunguliwa, 1982, likaanza tamasha ambalo hadi leo linawaleta wasanii katika mji huo. Tangu 2007 jina rasmi ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa kwa kifupi, ingawa mwenye bajaji ukimwambia "Chuo cha Sanaa" hahitaji maelezo zaidi.

Kwa hiyo hapa mpiga ngoma hakuletwa kusindikiza mchezo wa kuigiza. Yeye ndiye aliyetangulia, na mchezo ukamkuta. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako sanaa za maonyesho zinafundishwa tangu mwaka 1967, ndiko tunakowahusisha kina Ebrahim Hussein, Penina Muhando na Amandina Lihamba, watu wa kalamu na uchambuzi. Bagamoyo ilisifika kwa miili. Najua kusema hivyo ni kurahisisha mambo, maana huko Chuo Kikuu nako watu wamecheza mpaka vumbi likatimka, lakini mwanafunzi anayechagua kati ya sehemu hizo mbili huwa anaambiwa hivyo hivyo na waliomtangulia.

Ngoma za Wazaramo ndizo zilizonifungua macho. Kuna msondo, ngoma ndefu inayosema; kuna vumi, nzito ya chini; na kuna chapuo, ndogo isiyopumzika. Mwanafunzi anayekabidhiwa msondo kwa mara ya kwanza hutazama mikono yake. Anaogopa kukosea, kwa hiyo anainamia ngozi ya ngoma na kuhesabu kimoyomoyo. Mzee aliyekuwa akitufundisha hakuwa na subira na jambo hilo. Alikuwa akipita nyuma yako, anakuwekea vidole viwili chini ya kidevu, anakiinua kichwa chako mpaka macho yafike kwenye miguu ya anayecheza, kisha anaendelea na safari yake bila kusema lolote. Ukiinama tena, anarudi.

Maana kwenye ngoma ile mpigaji hampangii mchezaji. Mchezaji akitupa bega, mpigaji anajibu. Akichelewesha mguu, mpigaji anamngoja, analivuta lile pigo mpaka mguu utue. Mpigaji naye akichoka na uvivu wa mchezaji, anamchokoza kwa pigo asilolitarajia, na hapo ndipo watazamaji hupiga vigelegele, kwa sababu wameona watu wawili wakishikana pasipo kugusana. Palikuwa na msichana darasani kwetu aliyecheza vizuri kuliko wote. Viungo laini, kiuno kinaitika, tabasamu halitoki. Siku moja mzee akasimamisha ngoma zote na kumuuliza, "Unacheza na nani?" Akajibu, "Nacheza ngoma, babu." Akaulizwa tena, "Nimesikia. Na nani?" Hakuwa na jibu. Swali hilo likawa la darasa zima. Tulilifanyia mzaha kantini, mtu akila peke yake: unakula na nani?

Sindimba ilileta mtihani wa namna nyingine. Wapo waliotoka kwenye nyumba za swala tano, wapo waliotoka kwenye kwaya za kanisa, na kukata nyonga mbele ya watu wazima halikuwa jambo la kuandikia nyumbani. Wengine walijifunga kanga mbili juu ya suruali. Mimi nadhani aibu ile ilikuwa somo lenyewe. Mwigizaji anatazamwa, hiyo ndiyo kazi. Asiyeweza kutazamwa akiwa anatikisa kiuno hataweza kutazamwa akiwa amesimama kimya na jambo zito moyoni. Pamoja na hayo, kuna kitu kilinisumbua na bado kinanisumbua. Ngoma hii ya Wamakonde ilikuwa na mahali pake, ilihusiana na jando na unyago, na ilichezwa watu wakiwa wameizunguka. Ilipopandishwa kwenye majukwaa ya taifa duara likakatwa, wachezaji wakapangwa mstari kuwaelekea viongozi waliokaa mbele. Kwa hiyo tulikuwa tukifundishwa kuitikiana na ngoma ambayo ilishageuzwa uso imtazame mgeni rasmi. Walimu wenyewe walilijua hilo, na baadhi yao waliturudisha kwenye duara kila walipopata nafasi.

Sauti nitaipitia haraka, kwa kuwa haielezeki sana kwa maandishi. Unalala chali, unaweka kitabu tumboni, unapumua mpaka kitabu kipande na kushuka badala ya kifua. Jioni maji yakiwa yamekupwa unasimama ufukweni, mwenzako anasogea mbali, unamwambia jambo la kawaida, labda kwamba mchele umekwisha, na yeye anapaswa kulisikia bila wewe kupiga kelele. Wavuvi waliokuwa wakirudi na ngalawa zao walishazoea kuwakuta vijana wanaambiana kwa mbali habari za mchele.

Kwenye lafudhi ndiko kulikokuwa na ugomvi. Darasa la Tanzania lina kila mtu: wa Kanda ya Ziwa anayeichanganya *r* na *l*, wa Nyanda za Juu, wa Tanga anayejiona mwenye lugha, wa Unguja anayemcheka wa Tanga. Walikuwepo walioamini mwigizaji lazima asafishwe mpaka asijulikane atokako, na walikuwepo walioona kwamba kumsafisha ni kumfuta. Mimi niko na wale wanaosema lafudhi ni sehemu ya maleba: uweze kuivaa na kuivua, na ya kwenu uitunze kabatini. Lupita Nyong'o, aliyekulia Kenya na kuhitimu uigizaji Chuo Kikuu cha Yale mwaka 2012, alikwenda moja kwa moja kucheza mtumwa wa mashamba ya pamba ya Marekani katika filamu ya *12 Years a Slave*, akapata tuzo ya Oscar mwaka 2014. Miaka michache baadaye tukamsikia kwenye *Black Panther* akizungumza Kiingereza cha lafudhi ya nchi ambayo haipo duniani. Hakuna hata mahali pamoja kati ya hapo alipozungumza kama anavyozungumza akiwa na ndugu zake. Hilo halitokei kwa kipaji peke yake. Kuna mtu alikaa naye darasani akimrekebisha ulimi, herufi kwa herufi.

Maneno tulipewa hatimaye, na yalikuwa ya *Kinjeketile*.

Tamthilia hiyo ya Ebrahim Hussein ilitoka mwaka 1969, na wengi tulikuwa tumeisoma sekondari kwa ajili ya mtihani: dhamira, wahusika, mbinu za kisanaa. Kuisoma kwa mtihani na kuisimamisha ni vitu viwili. Inahusu Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905 kusini mwa nchi dhidi ya Wajerumani, na mtu wa Ngarambe aliyetoa maji ambayo watu waliamini yatawakinga na risasi. Kuna sehemu ambapo Kinjeketile anashikwa na mzimu wa Hongo, anavutwa mpaka mtoni, anazama. Watu wanangoja. Anapotoka, mwili wake ni mkavu.

Ukisoma unapita tu. Sasa jaribu kuigiza ukavu.

Mwalimu aliifanya sehemu hiyo kuwa zoezi, kila mvulana wa darasa atoke mtoni kwa zamu. Wa kwanza alitoka akitetemeka, macho yamegeuzwa, mate yanamtoka. Bagamoyo si mji wa kudanganywa kwa mambo ya pepo. Kuna waliokuwa wamekulia jirani na nyumba zinazopigiwa ngoma za kupunga, na mmoja wao alisema waziwazi kwamba mwenye pepo hafanyi vile. Wengine hunyamaza tu, wengine huomba sigara. Wa pili akatoka ameganda, ametoa macho, amenyanyua mkono mmoja. Akaulizwa mkono ule unafanya nini. Akasema unabariki. Akaulizwa unambariki nani. Tukarudi kulekule kwa mzee wa msondo.

Ilikwenda hivyo mchana kutwa, kila mtu na mtetemo wake, mpaka mwalimu alipowaacha kina Kinjeketile na kuwageukia watu wa ukingoni. Sisi tuliokuwa tumepangwa kuwa wanakijiji tulikuwa tukingoja kwa ile namna ya mwanafunzi anayengoja kengele. Alituuliza: mmengoja muda gani? Mmeshaanza kuamini amekufa? Nani kati yenu amefurahi kimoyomoyo kwamba amekufa? Nani ana deni lake? Akatukalisha chini tungoje kwelikweli, na akakataa kutuambia mtu atatoka lini. Tulikaa. Mbu wakatung'ata. Mtu akaanza kuchora mchangani. Wengine walianza kunong'onezana, na minong'ono ikafa yenyewe.

Kinjeketile wa zamu hiyo alikuwa yule mwenzetu aliyejitia sumu siku ya usaili. Alipotokea, bila shaka alikuwa na jambo amejiandalia, lakini alipokuta nyuso zile zote zinamtazama, alisahau. Alisimama tu. Dada mmoja kutoka kwenye kundi akamsogelea, akaushika upindo wa shati lake, akaubana kwenye kiganja kama anayekamua nguo, akakifungua kiganja na kukitazama. Kisha akatugeuzia kile kiganja tukione.

Darasa zima lilishusha pumzi kwa pamoja. Hapakuwa na maji yoyote pale, hapakuwa na mto, tulikuwa kwenye chumba cha mazoezi chenye sakafu ya saruji na feni mbovu, na bado tuliuona ukavu. Aliyeuleta hakuwa Kinjeketile. Yeye kazi yake ilikuwa kukubali kushikwa shati na kutazamwa, bila kuongeza kitu. Aliniambia baadaye hakuwahi kuona kazi ngumu kama ile. Kila kiungo kilikuwa kinamwomba ruhusa kifanye jambo.

Nadharia zilikuja baada ya hapo, na zilieleweka upesi kwa sababu tayari zilikuwa na mahali pa kukaa. Tulisoma habari za Mrusi Konstantin Stanislavski, aliyeanzisha pamoja na mwenzake Ukumbi wa Sanaa wa Moscow mwaka 1898, na ambaye alimtaka mwigizaji ajiulize angefanya nini kama mambo ya mhusika yangekuwa yamemfika yeye. Tukasoma habari za Mjerumani Bertolt Brecht, ambaye hakutaka mtazamaji amezwe na mchezo hadi asahau kufikiri. Darasani kwetu hao wawili waligombana ndani ya Kinjeketile mmoja. Swali lilikuwa: anaamini au haamini? Mwishoni yuko mikononi mwa Wajerumani, na anatakiwa aseme kwamba maji yale yalikuwa uongo. Hasemi. Anafikiria watakaokuja baadaye, watakaosimuliwa habari ya vita. Ukimwigiza kama mtu aliyeamini tangu mwanzo mpaka mwisho, unapata shujaa mmoja. Ukimwigiza kama mtu aliyekwishajua, anayelinda jambo kubwa kuliko ukweli wa maji yenyewe, unapata mtu mwingine kabisa, na maneno hayabadiliki hata moja.

Tulibishana usiku kucha juu ya sahani za wali na maharage zilizokwisha kupoa. Mwalimu alipoombwa atoe hukumu alikataa. Alisema yeye si Kinjeketile, aulizwe anayecheza. Nilimwona mwandishi mwenyewe kwa jicho jingine baada ya hapo. Hussein alikwenda baadaye Berlin ya Mashariki, mji ambao Brecht alifanyia kazi miaka yake ya mwisho, akapata huko shahada ya udaktari mwaka 1975 kwa utafiti juu ya maendeleo ya tamthilia Afrika Mashariki. Lakini *Kinjeketile* aliiandika kabla ya safari hiyo, naye akiwa bado kijana wa miaka ya ishirini. Umri wetu, kwa kifupi, na sisi tulikuwa tukihangaika na shati.

Kuna hatua nyingine ya mafunzo ambayo vyuo vya Ulaya navisikia vikiiweka pembeni au mwishoni, na kwetu iko katikati: kupeleka mchezo vijijini, mahali ambapo mtazamaji ana haki ya kujibu. Mtambaji wa hadithi kwetu hawezi kwenda mbele mpaka waliokaa wamwitikie, na mwigizaji wa kijijini ni vivyo hivyo. Kazi hii ina historia yake. Kati ya mwaka 1982 na 1983 walimu wa Chuo Kikuu, Penina Mlama, ambaye vitabu vyake vya mwanzo vina jina la Muhando, pamoja na Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walikwenda Malya, mkoani Mwanza, wakakaa na wanakijiji na kuwaachia wao wenyewe wachague tatizo la kuigiza na ngoma za kuliigizia. Kutoka kwenye mkondo huo ndiko kulikotokea TUSEME mwaka 1996, mradi wa kuwawezesha wasichana wa sekondari kusema yanayowakwamisha shuleni kwa njia ya sanaa, ambao baadaye ulivuka mipaka na kuingia nchi nyingine za Afrika.

Sisi tulipelekwa kwenye kijiji kimoja cha bara kidogo kutoka pwani, tukacheza chini ya mwembe habari ya baba anayeuza korosho na kuzimaliza fedha kabla hazijafika nyumbani. Tulikuwa tumefanya mazoezi ya kutosha. Mwenzetu aliyekuwa baba akaingia anayumba, akamtukana mkewe, watu wakacheka. Mama mmoja aliyekuwa amekaa mbele na mjukuu mapajani hakucheka. Alinyanyuka.

"Wewe baba," alimwambia, "walevi wa hapa hawatukani. Wanarudi na nyama."

Kimya. Mwenzetu angeweza kuendelea na maneno aliyoyakariri. Wengi wetu tungefanya hivyo. Yeye alimtazama yule mama, akaacha kuyumba, akajipapasa mfukoni.

"Nyama ninayo, mama. Robo."

"Robo kwa watoto sita?"

"Basi nusu."

"Na ada?"

Hapo watu wakaanza kuingilia kutoka kila upande, wengine wakimtetea, mzee mmoja akasema robo ya nyama siku hizi nayo si haba. Mchezo wetu tuliouandaa haukuishia pale tulipopanga. Ulikwenda na watu mpaka jua likazama, na nusu yake ilikuwa yao. Baba wa korosho aligundua kitu ambacho hakuna kitabu kingempa: aibu ya mtu anayejua kuwa amekosa haina kelele, inanunua nyama.

Halafu unahitimu, unakwenda Dar es Salaam, unakutana na kamera.

Niliitwa kwenye filamu moja, mwenyewe jina lake nalihifadhi. Nilifika na daftari, nikaomba mswada. Nikaangaliwa kwa huruma. Hakuna mswada, kaka, utaambiwa. Nikaambiwa: wewe ni mdogo wake, umegundua kaka yako anatembea na mchumba wako, umekasirika, ongea. Nikauliza kaka mwenyewe yuko wapi. Hayupo, yuko Mbezi kwenye kazi nyingine, yeye tulimrekodi jana. Sema naye hapo, kwenye ile stendi ya taa. Nikaigombeza stendi ya taa kwa nusu saa. Walisema nimefanya vizuri sana, ila niongeze hasira.

Sisemi haya kwa kuwadharau wanaotengeneza filamu zetu. Wanafanya kazi kwa bajeti ndogo na kwa siku chache, na watu wanawapenda. Wala sikubaliani na wahitimu wenzangu wanaodhani nyota wa Bongo Movie hawakufundishwa. Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012 akiwa na miaka 28 na kuzikwa na umati uliosimamisha sehemu ya jiji, alipita Kaole, kikundi cha Dar es Salaam chenye jina la magofu yaliyoko kilomita chache tu kutoka Bagamoyo. Michezo ya Kaole ilikuwa inakusanya watu mbele ya runinga za majirani, na nyuma yake kulikuwa na kikundi, yaani watu walewale wakikutana, wakifanya mazoezi, wakubwa wakiwakosoa wadogo. King Majuto, aliyetuacha mwaka 2018, alikuwa amechekesha majukwaani Tanga muda mrefu kabla soko la filamu za video halijazaliwa. Ukimtazama vizuri utaona hasemi kichekesho mpaka amemsikiliza mwenzake mpaka mwisho. Uso wake unaanza kazi wakati mwenzake ndiye anayeongea. Hiyo ni shule. Haikuwa na cheti tu.

Kinachokosekana siku hizi ni kikundi. Mtu anaonekana mtandaoni ana wafuasi wengi, anaitwa, anapigwa picha peke yake kwa saa mbili, anaondoka. Na chuo nacho kina deni lake: tulijifunza kufikisha sauti ufukweni kuliko tulivyojifunza kunong'ona mbele ya kamera iliyo hatua moja kutoka puani. Mhitimu wa jukwaa akifika mbele ya lenzi ana makubwa mno. Nyusi zinapanda mpaka kwenye nywele. Kumpunguza ni kazi ya miezi, na watengenezaji wengi hawana hiyo miezi. Ningependa kamera iwekwe chumba kimoja na msondo tangu mwaka wa kwanza, wanafunzi wajione jinsi wanavyoonekana wakati wanasikiliza.

Fedha ni habari fupi. Wikendi wanafunzi wanapiga ngoma kwenye hoteli za ufukweni, wageni wakila kamba na kupiga picha. Nauli inapatikana, na vidole vinabaki vyepesi. Nyumbani swali halikomi: "Na huko chuoni kwenu, baada ya kuruka ruka, kazi ni ipi hasa?" Mjomba wangu analiuliza kila Idi, na kila Idi namjibu tofauti.

Darasa letu limetawanyika. Wawili wanafundisha shule za msingi za binafsi na kuandaa maonyesho ya mahafali. Yule Kinjeketile anarekodi matangazo ya afya redioni, sauti ya baba mwenye busara, na mate hayamtoki tena. Yule msichana aliyeulizwa anacheza na nani yuko Ulaya na kikundi cha ngoma. Na yule dada aliyekamua shati alipata nafasi ya dada wa kazi kwenye tamthilia ya runinga, nafasi ya kuleta chai. Katika vipande vya kwanza hakupewa neno. Aliingia na sinia wakati mama mwenye nyumba akisema uongo kwa mumewe, akaweka vikombe, akatoka. Mhariri alipokaa na picha akakuta kila mara anakata kwenda kwa dada wa kazi, kwa sababu yeye ndiye pekee chumbani aliyekuwa anausikia ule uongo. Waandishi wakamwongezea. Sasa anajua siri ya nyumba nzima, na watazamaji wanaandika kumwomba aitoboe.

Malipo ya vipande hivyo vya nyongeza bado anayafuatilia.